Medali Ninayomfunga Mwanangu Shingoni

(Jina la mama huyu tunalo. Ameomba lisitajwe, nasi tumemtii.)

Salaam aleikum ninyi wenye gazeti, na amahoro kwa wasomaji wote, wa dini yangu na wa dini nyingine. Hamjambo? Watoto hawajambo? Huku kwetu Rumonge tunamshukuru Mungu, mvua imenyesha na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wanapatikana. Mimi mwili haujambo. Ni roho iliyochoka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni mama wa makamo, miaka yangu imepita arobaini. Wazazi wangu walitoka Ujiji, mimi nikazaliwa hapa hapa ufukweni. Ni Mwislamu na sala siziachi. Mume wangu alichukuliwa na ugonjwa wa malale, akaniachia mtoto mmoja wa kiume. Nitamwita Hamisi, ingawa silo jina lake. Kazi ninayojulikana nayo ni kuosha maiti wa kike. Akifa mwanamke wa Kiislamu, kuanzia Minago mpaka Kigwena, mimi ndiye ninayeitwa.

Marehemu mume wangu aliandika habari za boma kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Siku hizi bwana mkubwa wa boma hazitaki tena. Anataka herufi za Kizungu, na huku kwetu mahali pa kujifunza ni pamoja tu, kwa mapadri. Shule ya serikali iko Usumbura, mbali, na sina mtu wa kumkabidhi mtoto huko. Basi nikampeleka misheni. Mwanzoni hapakuwa na shida. Watoto wa Kiislamu walikaa nyuma wakati wa sala, wakanyamaza, kisha wakasoma na wenzao. Hamisi akirudi ananichorea mchangani alichosoma. Herufi hizi mnazozisoma nimezijua kwake.

Kisha akaja padri mpya. Si mtu mbaya, niseme haki. Anatibu vidonda vya watu na hapigi watoto. Lakini alitoa amri kwamba anayetaka kupanda darasa la kalamu, la kuandika, avae medali ya Bibi Mariamu shingoni, ajifunze na sala zao. Nikamfuata.

"Padri, nakuomba, mutoto akae kama zamani. Ajifunze herufi tu."

"Mama, sisi hatukuja huku kutengeneza makarani. Tunafundisha herufi ili watu wasome neno la Mungu."

"Na mimi niliye na neno la Mungu nyumbani?"

"Basi shule yangu unaitakia nini?" Akacheka kidogo, bila ubaya, akaniuliza habari za mguu wangu unaouma.

Nikaamua hivi. Medali nitaifunga mimi mwenyewe kila asubuhi, na akirudi nitaifungua mwenyewe kabla hajasali alasiri. Nilijiambia kwamba mkono wangu ukifanya, dhambi itakuwa yangu na mtoto atabaki safi. Nilimwomba Mungu aihesabu hivyo. Lakini nilikuwa nikifanya mlangoni penye mwanga, na watu wakaona.

Akafa bibi mmoja wa Minago, rafiki wa mama yangu. Nikaenda, nikatandika mkeka, nikatayarisha maji. Niliponyanyua kata, shoga yangu, ambaye kuosha nilimfundisha mimi, akanishika mkono.

"Dada, leo kaa nje."

"Kuna nini?"

"Wenye maiti hawataki. Wanasema mikono inayofunga msalaba haitamgusa mama yao."

"Si msalaba, ni medali."

"Mimi nimetumwa tu, dada. Usinitese."

Nikakaa nje pamoja na wanaume waliokuwa wakingoja jeneza. Mwalimu wa chuo akaniambia mbele yao wote, "Mtoe mtoto kwa mapadri, na kazi yako utarudishiwa." Nikamwuliza kama yeye atamfundisha herufi za boma. Akasema hiyo si kazi yake.

Niliporudi nilimweleza jirani yangu, Mrundi anayelima mihogo. Nilidhani atanihurumia. Alicheka mpaka akaweka jembe chini.

"Na mutoto wangu alipotaka kusoma kwenu? Mwalimu wenu alisema kwanza anyolewe, apewe jina jipya, atamke shahada. Hata alifu hakuonyeshwa. Leo mapadri wanawafanyia ninyi yale yale, munalia. Muzoee." Kisha akanijazia kikapu. "Beba mihogo ukapike, iko mingi. Huzuni haishibishi mutu."

Alisema kweli. Tangu siku hiyo najiuliza herufi ni mali ya nani. Sokoni kwetu mtu haulizwi dini kabla ya kuuziwa chumvi. Mbona lazima mtoto alipie kusoma kwa shingo yake, huku kwetu na huko kwao?

Juzi Hamisi aliporudi nikanyoosha mkono nifungue uzi kama kawaida. Akarudi nyuma kidogo.

"Leo iache, mama."

"Niiache kwa nini?"

"Basi tu. Nimechoka kufungwa na kufunguliwa kama mbuzi."

Akatawadha, akasali alasiri na medali ikiwa ndani ya kanzu. Nami nikabaki nimesimama, sijui kama ni uchovu wa mtoto au moyo wake umeanza kwenda kwao. Sikumwuliza. Naogopa atakachonijibu.

Pasaka yao inakaribia, na padri anasema wenye medali wataanza mafundisho ya ubatizo siku hizo. Nikimtoa, mwanangu atakuwa mtu wa kusomewa barua na wengine maisha yake yote. Nikimwacha, sijui nani ataniosha mimi, wala kama yeye ataruhusiwa kushika jeneza langu. Ninyi mliosoma, wa dini zote, mngekuwa mimi mngefanyaje? Msinionee haya, niambieni wazi. Gazeti linatufikia huku likiwa limepita mikono mingi, kwa hiyo nawaomba mnijibu upesi.