Donge la Chapati Mbele ya Maprofesa

Mimi hapa, muuza chapati wa mtaa wa Kamwokya, nilimpaka profesa unga usoni mchana kweupe, tena siku ambayo mdogo wangu Furaha alikuwa anatetea kazi yake ya shahada ya uzamili, na ningependa kusema ilikuwa bahati mbaya lakini wapi, ulikuwa ujuaji wangu.

Furaha anachunguza nyota zinavyojizungusha (za mbinguni kweli, anaziundia mifano kwa hesabu kwenye kompyuta, mtoto wa mama yetu aliyeuza samaki Bukavu). Alinieleza kwamba nyota ikizunguka kasi huvimba kiunoni na kubonyea juu na chini, na mzunguko huo huikoroga, ukapeleka haidrojeni mpya katikati panapowaka, kama mtu anayeongeza makaa jikoni, basi ikaishi zaidi. Mimi nilisikiliza mdomo wazi.

Akataka kuwaonyesha maprofesa wanaomtahini kwa donge la unga juu ya mota ya feni. "Yaya," akaniambia (kwetu Kongo ndivyo unavyomheshimu kaka), "ulikande gumu, usitie mafuta." Nikawaza, wataalamu wazima niwapelekee unga mkavu, jina langu nitaliweka wapi? Nikaongeza maji, nikatia mafuta, likalainika kama ninavyowafanyia wateja.

Siku yenyewe akawasha mota mbele yao, donge likavimba kiunoni sawasawa na alivyosema, nami kule nyuma natabasamu utadhani shahada ni yangu, mara kipande kikachomoka kikatua kwenye miwani ya profesa wa mbele, kingine kikafuata kwenye tai. Nikajua nimemponza Furaha, wakimkataa anarudia mwaka mzima, na mimi ndiye niliyemlea.

Profesa akavua miwani polepole. "Na hili, binti, limo kwenye hesabu zako?"

Furaha akajibu hapo hapo. "Limo, Profesa. Nyota ikifikia kasi yake ya mwisho, mvutano wake haushiki tena pale kiunoni, inaanza kutupa gesi nje. Liko ukurasa wa arobaini." Akanitupia jicho. "Ila hii imefika mapema, mkandaji hakusikia."

Profesa akafungua ukurasa, akasoma, akacheka mpaka akakohoa. Furaha alipita, na mimi nililia mbele za watu bila aibu, maana aibu ya ule unga ilikuwa imeshanitosha.

Profesa yule sasa ni mteja wangu, ingawa husimama hatua tatu kutoka mezani. Na Furaha akiniambia kitu, hata kama ni kiasi cha chumvi, natia alichosema.