Nyumba Aliyoionyesha Hajira

Hajira binti Mbaruku alihamia Kwemkole mwaka wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, sabini na nne, vyungu vyake kichwani. Nyumba yao ya zamani, huko porini walikotoka, ilikuwa imekwisha kubomolewa ili wasirudi, na mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya. Mumewe, Mwinjuma, akasimamisha msonge harakaharaka: miti, udongo, nyasi, basi. Ndani kulikuwa na giza na moshi, na juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito. Hapo ndipo mahindi yalipolala yakifukizwa, wadudu wasiyaguse. Ndivyo walivyoishi Wazigua wenziwe wengi pale kijijini, na Hajira hakuwahi kufikiri kwamba nyumba ya namna hiyo ni ya kuonea haya.

Haya ilikuja na wageni. Mwaka uliofuata waliletwa wanafunzi wanaosomea usanifu wa majengo chuoni Dar es Salaam. Mwalimu wao, Bwana Dominiko, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema hawakuja na ramani mfukoni. Walitaka kwanza waone wananchi wanavyoishi, kisha wachore pamoja nao nyumba bora ya kijiji cha ujamaa. Kila mwanafunzi akapewa mwenyeji. Hajira, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msemaji wa akina mama, alipewa msichana pekee wa kundi lile, Rosina, Msambaa wa upande wa Bumbuli.

"Shikamoo, mama," Rosina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu Kwemkole."

"Ahsante. Kama utaniruhusu, ningependa tuanzie jikoni kwako."

Jikoni! Hajira alizitazama soksi nyeupe za yule binti. Akamkumbuka mbuzi wake anayelala karibu na mlango, masizi yanayoning'inia kama nyuzi, kitanda cha kamba kilicholegea hadi kugusa chini. Uso ukamwaka moto. Badala ya kushika njia ya kwake, akashika njia ya kwa wifi yake, Chausiku.

Mume wa Chausiku alikuwa na kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Mazinde, na nyumba yao ilikuwa ya pembe nne, ya bati, jiko likiwa bandani nje. Siku hiyo Chausiku alikuwa amekwenda gulioni Korogwe.

"Ndiyo hapa kwangu," Hajira alisema, akausukuma mlango.

Rosina aliomba maji ya kunywa. Hajira akageuka huku na huku akitafuta kata. Akainama chini ya meza, akachungulia nyuma ya mtungi. Kata ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango. Rosina ndiye aliyeiona, akaitungua, akachota mwenyewe.

"Mahindi mnaweka wapi, mama?"

"Kwenye magunia. Humu chumbani."

"Na moto je?"

"Nje. Sisi hatuwashi moto ndani."

Msichana alichora aliyoyaona. Kesho yake wanafunzi walipigilia vigingi kwenye uwanja wa kijiji, wakavuta kamba, wakapanga nyumba nzima juu ya ardhi, wakawaomba akina mama waingie na kutembea humo kana kwamba kuta zipo. Watu walicheka, wakapeana hodi kwenye milango ya hewa. Bibi Mwaija, jirani yake Hajira, ndiye aliyesimama katikati akauliza, "Sasa hapa moto uko wapi?"

Bwana Dominiko akamgeukia Hajira. "Mama, wewe unasemaje?"

"Siku hizi tunapikia nje, bibi," Hajira alijibu.

Wanawake wakatazama miguu yao. Kila mmoja alijua nyumba ya Hajira ilivyo, maana walikuwa wakiombana moto kila asubuhi. Lakini nani atamvua nguo mwenziwe mbele ya wageni? Bibi Mwaija alitoka ndani ya kamba taratibu, akaenda kukaa.

Nyumba ikajengwa, wanafunzi na wanakijiji wakikanyaga udongo pamoja, wakifyatua matofali na kupaka chokaa. Ilipokwisha, mkutano ukaamua apewe Hajira, kwa sababu ndiye aliyewaeleza wageni. Watu walipiga makofi. Yeye akajiona kama mtu aliyevalishwa kanga ya kuiba.

Msimu wa mavuno Mwinjuma alisimama mlangoni na tenga la mahindi begani, akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Mama Kibwana, haya tunayaweka wapi?"

"Kwenye magunia, kama watu."

Fukusi hawakukawia. Ukiweka sikio kwenye gunia ulisikia wanavyotafuna, na ukilinyanyua, vumbi la unga lilimwagika chini. Watu walikuwa wametoka juzi tu kwenye njaa, wakila ule unga wa njano wa msaada, na leo mahindi ya jasho lao yanaliwa na wadudu. Hajira alipepetea nyuma ya nyumba, akayafukia makapi, majirani wasije wakayaona. Mwinjuma hakumgombeza. Alibeba mafiga kutoka banda la jiko huko nje, akayapanga katika chumba cha kati, akafunga fito juu yake. Moshi ukakosa pa kutokea, na kuta zile nyeupe zikawa nyeusi kama sufuria.

Hivyo ndivyo wanafunzi walivyoikuta nyumba waliporudi kuitazama. Bwana Dominiko aliingia, akakohoa, akatoka machozi yakimtiririka. Hajira alikuwa amejibanza ukutani, mwiko mkononi.

"Rosina!" mwalimu aliita. "Wewe ndiye uliyelichunguza jiko la hapa. Uliangalia nini?"

Wenzake Rosina wakamkodolea macho. Akalifunga daftari lake. "Nilikosea, mwalimu. Sikuuliza vizuri."

Hajira aliyasikia maneno yale, na ulimi wake ukagoma. Alikuwa bado anautafuta alipojitokeza Chausiku, kanga mpya kiunoni, akifurahia kuona wageni.

"Hapana, mwalimu, huyu binti hakukosea," alisema. "Aliichora ya kwangu! Niliambiwa niliporudi gulioni. Wifi alimleta kwangu, akasema ndiyo kwake."

Kicheko kililipuka kama mahindi kaangoni. Mwinjuma peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa kama vile yeye ndiye aliyesema uongo, na hilo ndilo lililomchoma Hajira kuliko kicheko.

"Ni kweli," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. "Njooni niwaonyeshe."

Akawapeleka kwenye msonge, ambao sasa ulikuwa zizi la mbuzi. Wakainama, wakaingia, wakapima kimo cha dari kutoka mahali mafiga yalipokuwa, wakatazama moshi ulivyokuwa ukipenya kwenye nyasi. Hajira alijibu kila walichouliza bila kumtazama mtu usoni.

Wengine walipotoka, Rosina alibaki nyuma.

"Mama, mimi nilijua," alisema kwa sauti ya chini. "Ulipokosa kata, nilijua. Na kwetu Bumbuli mama yangu anapikia ndani, mahindi juu, hivihivi."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Wale wenzangu wanatoka mjini. Wangeniuliza nimejuaje." Akafuta kiganja chake chenye masizi kwenye suruali. "Nikaona afadhali nichore ulichoniambia."

Hajira alitaka kumshika mkono, akaona hana haki hiyo. Wakatoka nje, kila mmoja na lake.

Mafundi wa kijiji walitoboa tundu la moshi kwenye nyumba ile, na mahindi yaliyofuata yakapona. Ramani ya pili, yenye mafiga ndani na dari, ilichorwa, lakini bati hazikupatikana tena, ikabaki karatasi.

Baadaye lilikuja kundi lingine la wanafunzi. Watu wakamtaja tena Hajira awe mwenyeji, akakataa. Bibi Mwaija akainuka, akawachukua hadi kwake. Aliwaonyesha masizi, panya, na kitanda kilichoegemezwa jiwe kwa kukosa mguu, huku akisimulia kama mtu anayesifia harusi. Hajira alikuwa amesimama nje na wenziwe, akisikia kila neno, akijiuliza yule bibi amepata wapi uso usioona haya namna ile.