Nilivyouziwa pikapu na mtu wa kwetu, nikaambiwa "fundi yuko njiani"

Wakuu, habari za humu.

Nimesoma nyuzi za watu wanaolizwa na magari ya mtandaoni, nikacheka kwa uchungu. Mnadhani haya mambo yameanza na simu janja?

Mimi nililizwa enzi za ruksa, gari likiwa Dar na mimi nikiwa Tukuyu, kwa picha mbili zilizoletwa na kondakta wa basi ndani ya bahasha. Sitaongeza chumvi. Ningetaka kuongeza, ningejifanya mjanja kidogo.

Kwa wasiokumbuka: miaka ile milango ilifunguliwa, magari ya mtumba yakaanza kushuka bandarini, na kila mwenye kashamba akataka pikapu. Rungwe tulikuwa na ndizi mpaka zinaoza, na magari ya kuzifikisha Mbeya yalikuwa ya kuhesabu. Ukiwa na pikapu umetoka.

Baba yangu, mzee mkimya sana, alikuwa na kipande cha shamba Matwebe alichoachiwa na baba yake. Nilimsumbua miezi mpaka akakiuza. Siku ananipa hela aliniambia, "Hilo gari ndilo shamba lako sasa. Sina lingine."

Sasa, simu haikuwa kila nyumba. Nilikuwa naenda kupigia dukani kwa Bakari, muuza vitambaa. Ukoo wao ulitoka pwani, lakini yeye kazaliwa Tukuyu hapohapo. Jamaa mmoja akanipa namba ya muuza magari wa Dar. Tumwite Ambakisye, siyo jina lake, ingawa hastahili kufichiwa.

Nikapiga, nikajitambulisha kwa Kiswahili cha kiofisi. Akauliza natokea wapi. Nikasema Tukuyu.

Wakuu, mtu akabadilika palepale. "Ugonile," akanisalimia, na kuanzia hapo ni Kinyakyusa safi. Akaulizia mvua, akaulizia ndizi, akasema mama yake yuko Nkunga. Nikamwita kaka. Dakika kumi zimeisha, injini hatujaigusa.

Bakari alikuwa anapima kitambaa, anasikia. Nilipokata simu akaniambia niende Dar mwenyewe, au nitume fundi akalale chini ya gari alitazame. Akasema hata shangazi yake akimuuzia gari, ataenda na fundi.

Nikamwona hana udugu. Naandika hili kwa aibu yangu yote: nilimjibu kwamba sisi kwetu hatuuziani ubovu. Akaendelea kupima kitambaa chake.

Hela ikaenda. Gari likaletwa na dereva wa Ambakisye, ambaye alikabidhi ufunguo, akakataa hata chai, akawahi basi. Hapo tu ningejiuliza.

Lakini gari lilikuwa linang'aa! Chini limepakwa rangi nyeusi, nzito kama lami, nikasema duh, hili limetunzwa. Mchungaji akaja kuliombea. Mama zangu wadogo wakapiga vigelegele. Baba akaligusa boneti kwa kiganja, akaingia ndani kuvaa koti lake la kanisani, akarudi akakaa mbele. Nikamzungusha mpaka sokoni na kurudi. Njia nzima alikuwa anapungia watu mkono, mzee ambaye hapungiagi mtu.

Safari ya tatu nikaenda Nkunga. Barabara imelowa, nimepakia ndizi za akina mama watatu. Nikaingia kwenye shimo, wala si kubwa, nikasikia mlio kama mti unapasuka. Nikashuka. Gari limepinda katikati, kichwa kinatazama juu na bodi nayo inatazama juu.

Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, imekatika. Fundi wa Tukuyu akalala chini, akaikwangua ile rangi kwa bisibisi. Wakuu, zilikuwa chesisi mbili za magari mawili tofauti, zote zimeliwa na kutu, zikachomelewa pamoja, juu zikapakwa rangi. Nilitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Nikarudi kwa Bakari kupiga simu. Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba Ambakisye hakubisha hata kidogo. Alisikitika pamoja nami. Akasema kapata chesisi nzima, anamkabidhi fundi wake aje nayo. "Fundi yuko njiani, kaka."

Wiki ikapita, fundi yuko njiani. Mwezi, fundi yuko njiani, kakwama Iringa. Mvua zikaisha, zikaanza tena. Baba kila jioni aliniuliza kama fundi amefika, mpaka siku moja akaacha kuuliza. Bora angenichapa.

Bakari, niseme tu, hakuwahi kunikumbushia maneno yake. Alikuwa ananisogezea simu, basi.

Mwisho nikaamua. Kwetu mtu akikukosea na hapatikani, unaenda kwa wazazi wake na unasema mbele ya majirani. Nikaenda Nkunga kwa mama yake, begi begani, maneno nimeyapanga, makali. Nilitaka yule mama alie. Nawaambia ukweli.

Nikaelekezwa nyumba. Uani, kwenye migomba, nikakuta pikapu. Matairi hayana upepo, majani yameota kwenye bodi, kuku kalalia mayai kwenye kiti cha dereva.

Nikainama kutazama chini. Rangi nyeusi, nzito kama lami.

Bibi akatoka anafuta mikono. Nikamwamkia. Akaitikia, akalitazama begi langu, uso wote ukachangamka.

"Wewe ndiye fundi? Mwanangu alisema uko njiani."

Akanipa kigoda, akaanza kunieleza bila kuulizwa. Mwanawe alimwambia auze ng'ombe wake wawili, atamletea gari la kubebea ndizi. Likaja, likaombewa, likatembea mara mbili. Sasa msimu wa pili huu anasubiri fundi, na hataki majirani wamseme vibaya mtoto wake. Akaenda ndani, akarudi na maziwa ya mgando.

Nikayanywa yote. Yale maneno makali sikuyaona tena yalikokwenda. Nikasimama, nikasema:

"Hapana mama, mimi nilikuwa napita tu. Fundi yuko njiani."

"Ndaga fijo," akanishukuru, akanifungia na ndizi za kumpelekea baba.

Nililia barabarani, mtu mzima.

Pikapu niliuza kama chuma chakavu. Baba alipofariki tulimzika kwenye ardhi ya kaka yake, siyo Matwebe.

Somo ni fupi, wakuu. Gari nenda ukalione, na fundi wako, alale chini akwangue. Na muuzaji akianza kukuulizia mvua za kwenu kwa lugha ya nyumbani, mwambie fundi akwangue zaidi.

Ambakisye, kama unasoma humu: la gari nilishalisamehe zamani. La kunifanya nimdanganye mama yako kwa maneno yako mwenyewe, hilo sijasamehe na sina mpango.

Haya, mliopigwa na watu wa kwenu jitokezeni, tusiumie kimyakimya. Na wale wa "ungefanya hivi na vile" mnakaribishwa pia, ila mjue Bakari alishawatangulia.