Sukari Nyumbani kwa Forodha

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele, na anayetaka kuingia ndani lazima apite mbele ya cherehani yake. Tangu baba mkwe akutwe na kisukari, hapo ndipo mizigo yote hukaguliwa. Biskuti hurudi na mwenyewe. Soda hunywewa nje. Majirani wamempa jina la Forodha, naye analijua, na nadhani analipenda.

Baba mkwe alinung'unika miezi ya kwanza, kisha akasalimu amri. Chai yake anainywa amekunja uso. Lakini kidonda chake cha mguu kilipona, na hata mimi, mpenda vitamu, nilimvulia mama kofia.

Mwanangu, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, aliamka anaharisha siku niliyotakiwa kazini kiwandani. "Nenda tu," mama akasema. "Nimelea watano." Nikamwomba achemshe maji, yakipoa atie chumvi na sukari, ampe mtoto kidogo kidogo.

Alichemsha maji, akatia chumvi. Sukari hakutia. Kwake sukari ilikuwa ya kumbembeleza mtoto anywe tu, na mjukuu wake asingezoeshwa ugonjwa wa babu. Kutwa nzima akamnywesha kwa subira, na kutwa nzima maji yakapita yakatoka.

Niliporudi, mtoto analia bila machozi na macho yamezama. Mama amekaa naye sakafuni, cherehani imefunikwa.

"Amekunywa, mwanangu, amekunywa," alisema. "Sijui maji yanakwenda wapi."

Niliogopa mwanangu atakufa. Na aliponiambia sukari hakutia, nilimkasirikia. Njia nzima hadi kituo cha afya nilitangulia na mtoto, yeye akinifuata nyuma. Moyoni nilishaamua kumtafuta mlezi mwingine.

Muuguzi alikoroga dawa ya unga kwenye maji, akampa mama mkwe kijiko amnyweshe, akamuuliza nyumbani mtoto alipewa nini. Mama hakuficha. Muuguzi hakumgombeza. Akamweleza kwamba utumbo kwa ndani umetandazwa seli, ndogo hazionekani kwa macho, na kila seli ina utando mwembamba usioruhusu kila kitu kupita ovyo.

"Kwenye utando huo kuna mlango ambao chumvi na sukari huingia pamoja," alisema. "Chumvi ikija peke yake, mlango ule haifungui. Zikiingia zote mbili, maji yanazifuata yenyewe."

"Na kuharisha hakuuharibu mlango huo?" mama akauliza.

"Mara nyingi unabaki unafanya kazi. Ndiyo maana tunautegemea."

Mama akakishusha kijiko. "Kumbe mimi ndiye niliyeufunga," alisema. Kisha, fundi ni fundi, akataka kipimo. Muuguzi akamtajia: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe. Sukari ikizidi, akaonya, inayavuta maji yarudi tumboni na mtoto ataharisha zaidi. Mama akarudia kipimo chote kwa sauti, kama anavyorudia vipimo vya kiuno.

Akaendelea kumnywesha, mgongo umemkakamaa, na kila nilipotaka kumpokea alikataa. Hatimaye mtoto akamkojolea gauni. Sijawahi kuona watu wazima watatu wakifurahia mkojo kiasi kile.

Kesho yake mama mwenyewe alikwenda dukani, akaingia na sukari mkononi. Baba mkwe akaisindikiza kwa macho.

"Kumbe nilitakiwa kuharisha tu," alisema. "Mngeniambia mapema."

"Wewe kunywa chai yako," mama akamjibu, akaifungia sukari kwenye kabati la vitambaa.

Jioni, mtoto akiwa anatambaa tena, nilikuwa napiga pasi sare yangu ya kiwandani. Mama akaja akasimama mlangoni. Alikuwa anauviringa uzi kidoleni, hanitazami.

"Kesho utamwacha kwa nani?"

Nikaiweka pasi chini.

"Kwani mama," nikasema, "una safari?"