Binti wa Askari wa Tabaka

Siku moja bado naikumbuka kama ya jana, mwanangu, ingawa ni ya miaka ile Uhuru ungali mchanga. Nilikuwa karani mpya katika ofisi moja mjini Kisii: shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na kiburi cha kutosha watu watatu.

Akaingia mzee Nyamweya kutoka Tabaka, aliyekuwa askari katika vita vya Wazungu. Alitaka binti yake Kemunto aandikiwe msaada wa watoto wa askari wa zamani. Nikatazama umri: miaka ishirini na sita. Nikacheka, Mungu anisamehe.

"Mzee, huyu si mtoto tena."

"Miguu yake ilipooza akiwa na miaka mitatu," akasema taratibu.

"Sheria ni sheria, baba."

Akaikunja karatasi yake, akanishukuru, akatoka. Shukrani ile ilikuja kunichoma kuliko tusi.

Karani mkuu, mzee Ombati, mtu wa Ikonge asiyepaza sauti hata akikasirika, alikuwa amesikia yote. Akaniwekea kitabu cha kanuni mezani. Nikasoma: aliyelemaa tangu utotoni huhesabiwa mtoto, hata akiota mvi.

"Umemfukuza mtu kwa kanuni ambayo hukuisoma," akasema. "Kesho utamfuata wewe mwenyewe."

Nikaenda, nimebeba fomu na aibu. Nilimkuta Kemunto ameketi uani juu ya gunia, akisugua bakuli la jiwe alilolichonga kwa msasa na maji, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi.

"Ni wewe uliyesema nimezeeka?"

Kemunto akacheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuona kuna nini, na baada ya muda mfupi nilikuwa nimeshikishwa kikombe cha uji kama mkwe.

Kuuliza si ujinga. Siku hiyo niliuliza kila kitu. Jirani yao, mkunga aliyembeba Kemunto mgongoni hadi hospitali ya misheni alipougua, akatoa ushahidi. Nikafungua kidau cha wino ili Kemunto atie kidole gumba. Akausukuma mkono wangu.

"Nipe kalamu. Mimi huchonga jina langu chini ya kila bakuli."

Akaandika, herufi zimenyooka kuliko zangu.

Jibu lilichukua miezi. Lilipofika, msaada ulikuwa umekubaliwa, na nililipeleka mwenyewe. Mzee Nyamweya alisikiliza nikilisoma hadi neno la mwisho, akasimama wima, akampigia binti yake saluti. Kemunto akaijibu palepale kwenye gunia, uso mkavu kama wa afisa, kisha tukaangua kicheko sote wanne, pamoja na mama yake.

Mwanangu, kwa mzazi mtoto hakui. Ukipewa kiti cha kuhudumia watu, soma hadi mwisho kabla ya kusema hapana. Na ukimkosea mtu, mfuate hadi kwake, usingoje arudi, wengi hawarudi.

Mungu akupe macho ya subira, miguu isiyoona uvivu kwenda kuomba radhi, na nyumba ambamo utakaribishwa kwa kicheko.