Seti moja ya matairi, barabara nzima ya Junction

Saa moja asubuhi, Icilda Facey amepiga magoti kwenye kokoto za kando ya barabara ya Junction, kijijini Broadgate, anakaza nati ya mwisho ya gurudumu la nyuma la Probox nyeupe. Mwenye gari, dereva wa teksi Ransford Tulloch, amemsimamia na mkate mtamu wa bulla mkononi, anatafuna na kuangalia saa.

"Fanya haraka, Mis Cilda. Foleni ya ukaguzi hainisubiri."

"Foleni haikusubiri, na kifo je?"

"Aa, mama, umeanza mahubiri yako."

Gari linaondoka limevaa matairi ya kukodi. Saa sita yanatakiwa kurudi. Hiyo ndiyo biashara yenyewe, na hapa wilayani Mtakatifu Maria kila dereva anaijua, ingawa hakuna atakayeisema mbele ya mkaguzi.

Mis Cilda, mwenye umri wa miaka 58, ameuza matairi ya mitumba na kuziba pancha kando ya barabara hii tangu mumewe afariki. Anayo seti moja nzuri, matairi manne ya inchi kumi na nne, yamo tayari kwenye rimu zake. Dereva mwenye matairi kipara huyakodi kwa dola 3,500 za hapa, hupita ukaguzi, huyarudisha, huvaa vipara vyake na kwenda zake na cheti.

Kwa wiki huyakodisha mara tatu hivi. Hiyo ni dola 10,500, wakati tairi za kuuza hutoka mbili, na wiki nyingine hata moja haitoki. "Matairi yale ndiyo yaliyonilishia mtoto," anasema bila kujitetea.

Mtoto mwenyewe ni Nordia. Sasa ni mtu mzima, mpishi wa shule huko Annotto Bay. Kila siku huenda na kurudi kwa teksi, na teksi yake ni ya Ransford.

Ransford akishapotea konani, Mis Cilda anaviringisha vile vipara vinne kuelekea uzio wa mabati. Kwenye cha tatu anasimama. Anapitisha kidole upande wa ndani, ule ambao gari likisimama huuoni, halafu anakirudisha kidole upesi. Kina damu. Waya umetoka nje ya mpira, urefu wa kiganja.

Anakaa juu ya jeki. Milimani, upande wa Castleton, wingu limeshuka hadi kwenye miti.

"Oktoba nilimwonya, akanicheka," anasema. "Halafu nikamkodishia tena. Miaka tisa nawapitisha mimi. Mkaguzi anagonga mhuri tu, anayewapitisha ni mimi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yalifichwa kwa ushirika. Anajua hivyo, na uso wake unaonyesha kwamba ameogopa kweli. Anaingia bandani, anatoka na kisu cha kukatia mpira. Anatoa upepo wa tairi kipara la kwanza, anazamisha kisu ubavuni, anavuta. La pili. La tatu. La nne. Hasiti.

Saa sita na robo Ransford anarudi na cheti kipya kiooni. Matone ya kwanza yanaanza kupiga bati. Anaona vipara vyake vimepasuliwa kama samaki wa kukaangwa.

"We mama! Umerukwa na akili?"

"Akili zimenirudia."

"Mali yangu hiyo! Saa saba na nusu nina abiria. Nitembelee nini, rimu?"

"Ndiyo, rimu. Si unazo hela za rimu? Wiki nzima unawatambia watu hapa kwamba Jumamosi unakwenda Kingston kuchukua rimu za kung'aa za elfu sitini. Gari linavaa viatu vya kuazima, wewe unalinunulia bangili!"

Mama muuza supu ng'ambo ya barabara anacheka kwa sauti. Ransford hacheki. Anasogea karibu mno, na kwa muda haieleweki kama atampiga au atalia. Mis Cilda anamshika mkono, anaukandamiza kwenye ule waya.

"Hapo ndipo mwanangu anapokaa. Juu ya hapo."

Ransford anautoa mkono na kuutazama. Kisha anageukia rundo la matairi ya kuuza na kuvuta moja jeusi linalometa.

"Hilo limepakwa rangi," anasema Mis Cilda. "Soma namba nne za mwisho hapo ubavuni."

"Moja mbili, moja moja."

"Limetengenezwa wiki ya kumi na mbili, mwaka 2011. Umri wa mtoto wa sekondari. Weka chini."

Wanachambua kwa nusu saa huku mvua ikiongezeka. Hili lina kiraka ubavuni, lile limevimba. Ya saizi yake yanapatikana mazima mawili tu. Mis Cilda anasimama, anafuta mikono kwenye sketi na kulitazama gari lenyewe. Seti kamili ambayo angemkalisha Nordia juu yake ni moja tu, nayo imo kwenye gari hilo.

"Elfu ishirini na nane," anasema polepole. "Usiyavue. Rimu zako zibaki kwangu, rimu kwa rimu."

"Ya kukodi? Na wewe utabaki na nini?"

"Hesabu hela, abiria wanasubiri."

Ransford anazihesabu. Simu ya Mis Cilda inalia: dereva mwingine, anataka kukodi seti Alhamisi. "Yameuzwa," anajibu. "Hapana, sitaweka mengine. Njoo ununue, na uje umevaa ya kwako niyaone."

Jumatatu, anasema, atapanda basi hadi Kingston na kuchagua matairi ya saizi hiyo, akisoma namba moja moja mwenyewe. Ana ndoto ya mashine ya kusawazisha magurudumu, lakini hiyo iko mbali, na leo imesogea mbali zaidi.

Saa kumi jioni barabara ni mto. Probox inapanda polepole kutoka Agualta Vale, upande wa Annotto Bay, inasimama. Mis Cilda anainama kwanza kutazama upande wa ndani wa magurudumu, yote manne, ndipo anapoinua kichwa kumtazama bintiye.

Ransford ameshamsimulia njiani.

"Na sasa tutakula nini, mama?" anauliza Nordia.

"Tutakula," anasema Mis Cilda, mvua ikimchuruzika usoni. "Si umerudi?"