Nyama Isiyovuka Geti

Lori la safari hupakiwa kinyumenyume. Kitakachohitajika kwanza huingia mwisho. Nilijifunza hilo kwa aibu katika safari yangu ya kwanza, tulipofika kambini mvua inaanza na mahema yote yako chini ya magunia ya kuni. Wageni kumi na wanne walisimama wakilowa huku sisi tunashusha mizigo yote ili tupate turubai moja. Sikukosea tena. Kwa miaka kumi na tisa lori la kampuni ile ya watalii pale Maun lilipakiwa na mikono hii, likaenda na kurudi, na hakuna mgeni aliyelala njaa.

Binti yangu Tshenolo alikuwa mgongoni nilipoingia yadi ile kuosha masufuria. Leo ana watoto wawili. Katikati ya hayo nimepika Moremi, nimepika Chobe, nimepika kwenye nyika za chumvi za Makgadikgadi, na nimepika ndani kabisa ya Kalahari, ambako hakuna maji wala duka, na baridi ya Juni hugandisha maji ndani ya birika. Shule sikwenda. Wenzangu walipokuwa darasani mimi nilikuwa na ng'ombe wa mjomba, na ng'ombe hawafundishi herufi. Lakini lori zima nilikuwa nalo kichwani. Dumu moja la maji kwa kila mtu kwa siku nne, na mawili ya ziada kwa ajili ya radieta. Vigingi virefu kwa mchanga, vifupi kwa ardhi ngumu. Mgeni asiyeweza kula karanga, kisu chake na ubao wake hukaa kwenye mfuko mwekundu, na mfuko huo haufunguliwi na mtu mwingine.

Mwaka jana mwezi wa Machi, Rre Moalosi, meneja wetu, alikuja jikoni na msichana amevaa viatu vyeupe.

"Mma-Tshenolo, huyu ni Warona. Ametoka chuo cha hoteli, Gaborone. Utamfundisha kazi."

"Atakuwa msaidizi wangu, rra?"

"Mfundishe kwanza."

Nikamfundisha. Siwezi kumsema vibaya. Alikuwa mwepesi, hakuchagua kazi, na viatu vile vyeupe alivivua siku ya pili. Alikuwa na daftari la jalada la bluu, na kila nilichosema kiliingia humo.

"Kwa nini vitunguu havikai na viazi, mama?"

"Vikikaa pamoja, viazi vinaota."

"Na mkate?"

"Juu kabisa, na mtu asiukalie. Ofentse hupenda kuukalia."

Ofentse ndiye dereva, na ndiye anayewaongoza wageni. Alikuwa amelala chini ya lori akikaza nati. "Mkate wenyewe mgumu kuliko kiti, mma," alisema huko huko chini. "Mimi huwa naulainisha."

Warona alicheka, akageuza ukurasa. "Nyama ya safari ya Kalahari?"

"Kilo kumi na nane kwa watu kumi na wanne."

Akaandika kumi na nane. Hakuuliza inatoka wapi, nami sikuona haja ya kumwambia, kwa sababu nilidhani nitakuwa ndani ya lori.

Wiki ya tatu ilipokwisha Rre Moalosi aliniita ofisini. Hakuniambia nikae.

"Umefanya kazi nzuri, mma. Sasa pumzika safari. Utabaki hapa yadini na mahema. Kuosha, kushona zipu, kuhesabu vigingi."

"Na nani atapika?"

"Mwenye cheti."

"Nimepika miaka kumi na tisa, rra."

"Na hujaandika ripoti hata moja. Watu wa bima wanataka karatasi, mma. Hawataki historia."

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwenye mahema, nikaanza kufua. Ofentse alipita na spana yake akasimama. "Pole, mma. Naona mke mdogo kahamia."

"Mke mdogo naye atazeeka," nikamjibu. Alicheka, lakini mimi sikuwa ninatania.

Sasa niwaeleze habari ya geti. Ukitoka Maun kwenda Kalahari unakutana na uzio wa mifugo. Upande wetu ng'ombe hupatwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Upande wa pili ni wazima, na wakubwa wanataka wabaki wazima. Nyama mbichi haitoki kwetu kwenda kule. Kila mtu anayepita anakanyaga dawa, na viatu vyote vilivyo ndani ya mabegi hutolewa vikachovywa. Mtoto wa Maun anayajua hayo kabla hajajua jina la baba yake. Mimi nilikuwa na njia yangu. Ng'ambo ya geti, kijiji cha Motopi, anakaa binamu yangu Mma-Boipelo, mwenye mbuzi. Siku tatu kabla ya safari nilimpelekea salamu, na tulipopita tulikuta mbuzi wawili wameshachunwa, wananing'inia kivulini. Ofentse alijua tunachukua mbuzi, ila alidhani nambeba ndugu yangu kwa kununua kwake. Masanduku ya barafu hakuyafungua hata siku moja. Dereva hafungui masanduku ya mpishi, na mpishi hafungui boneti. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote.

Aprili na Mei safari zilikuwa za kaskazini, ambako hakuna geti la kuvuka. Warona alikwenda akarudi, wageni wakamsifu. Safari ya kwanza ya Kalahari ilikuwa Juni. Sitasema uongo: niliisubiri.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nikishona zipu. Warona akanijia, amejifunga khanga kichwani, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mama, njoo uniangalizie. Kuna nilichosahau?"

Nililizunguka lori. Alikuwa amepakia vizuri, na hilo liliniuma kuliko kama angekosea. Kuni za mopane chini, maji katikati ili lori lisiyumbe, mahema nyuma karibu na mlango. Mfuko mwekundu ulikuwa umening'inizwa peke yake.

"Nyundo ya vigingi iko wapi?" nikauliza.

Alijipiga paji la uso. "Ningewafanya watu wapige vigingi kwa mawe."

"Kalahari hakuna mawe."

"Unaona? Ndiyo maana nakuuliza wewe." Akakimbia kuitafuta.

Alipoondoka nikafungua sanduku la barafu. Nyama mbichi, imefungwa kwa nailoni, imepangwa kama vitabu. Warona akarudi na nyundo akanikuta nimeshika kifuniko.

"Hii je?" nikamwuliza.

"Ya machinjio ya Lobatse hiyo, mama, kule kusini. Tazama muhuri. Imetoka upande ulio salama, basi inarudi tu kwao."

Msichana wa kusini angefikiri hivyo. Lakini nyama ikishafika upande wetu ni ya upande wetu, iwe na muhuri au isiwe nao, kama mtu aliyelala katika nyumba ya mgonjwa. Mwaka mmoja niliona kwa macho yangu wageni wa gari dogo wakinyang'anywa soseji za Lobatse hizo hizo, zikatupwa shimoni. Tena dawa yake ilikuwa rahisi. Moto ulikuwa unawaka pale pale yadini. Masufuria mawili ya miguu mitatu, maji, chumvi, saa nne za kuchemsha kisha kuiponda, na ingekuwa seswaa. Iliyopikwa inavuka, hakuna anayeiuliza.

Neno lilinijia mdomoni. Nikamkumbuka Rre Moalosi na historia yake.

"Ndiyo," nikasema. "Inarudi kwao." Nikafunga kifuniko.

Asubuhi wageni walifika, kumi na wanne, walimu wastaafu kutoka ng'ambo. Mama mmoja mzee alikuja na sanduku gumu la magurudumu ingawa waliandikiwa wote kuleta mabegi laini. Nikakaa naye chini tukahamisha nguo zake kwenye gunia la turubai, moja moja, naye akawa anasema asante kila soksi. Ofentse aliwatangazia kwamba viatu vyote viwe karibu kwa ajili ya dawa ya getini, na mwenye kofia ya sufu moja atafute ya pili. Rre Moalosi alisimama langoni na karatasi zake. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Lori likawaka.

Warona alitoa kichwa dirishani. "Nikuletee nini, mama?"

"Rudi salama tu," nikasema.

Kabla ya saa sita mchana simu ya ofisini ikalia. Nilimsikia Rre Moalosi kupitia ukutani akisema, "Mbichi? Yote?" Watu wa geti walifanya kazi yao. Walipoikuta nyama wakataka kuona na vingine, na lori likashushwa lote barabarani, mpaka kijiko cha mwisho. Nyama ikaingia shimoni ikachomwa. Saa tatu zilipotea. Walipita Motopi bila kusimama, kwa kuwa safari hii hakuna aliyempelekea Mma-Boipelo salamu na mbuzi wake walikuwa malishoni, na Rakops bucha lilikuwa halijachinja wiki ile. Siku nne kwenye baridi ile walikula dengu na samaki wa kopo. Yule mama wa sanduku gumu alishikwa na tumbo, ikabidi arudishwe mapema kwa gari la hifadhi.

Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi.

Waliporudi, Rre Moalosi hakungoja hata wageni wafike hotelini. Alimsimamisha Warona katikati ya yadi, mbele yetu sote.

"Chuo kizima hakikukufundisha uzio?"

"Nilidhani ya Lobatse inapita, rra. Hata Mma-Tshenolo nilimwonyesha. Naye alidhani inapita."

"Mma-Tshenolo." Alicheka kwa pua. "Mma-Tshenolo hajui hata jina lake likiandikwa. Unakwenda kumwuliza sheria?" Akanigeukia, na sauti ikashuka, ikawa ya mtu anayetaka kitu. "Si kosa lako, mma. Wewe hukujua. Jumatatu kuna kundi la Moremi na sina mpishi. Utapanda lori. Mambo ya bima nitayaona mimi."

Hicho ndicho kiti changu nilichokilia miezi mitatu. Kililetwa mpaka mbele yangu, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, kitu ambacho tayari nilikuwa nimekizoea. Wengine wanaonijua husema nilisema kwa ajili ya Warona. Si kweli. Nilisema kwa sababu ya lile neno, hukujua.

"Nilijua, rra."

"Ulijua nini?"

"Kwamba haivuki. Nilijua kabla wewe hujaletwa hapa. Nimevusha makundi miaka kumi na tisa, na hakuna kipande kilichoingia shimoni."

Ofentse alishusha begi alilolishika. Kwanza Rre Moalosi hakuelewa, kisha akaelewa.

"Kwa hiyo mlikuwa mnapataje nyama?"

Alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni. Naapa, kalamu.

"Hilo halikuandikwa kwenye daftari, rra," nikamwambia.

Akatufukuza wote wawili. Warona kwa kutojua, mimi kwa kujua. Ofentse alijaribu kuniombea, akaambiwa na yeye nafasi yake inatafutwa na watu kumi. Mpaka leo nasema nilidhulumiwa katika yadi ile. Mtu achukue kilicho kichwani mwako, akiandike, kisha akwambie kichwa hakihitajiki. Nitalisema hilo mpaka nife. Siku hizi nakaanga maandazi kando ya barabara ya Makalamabedi, malori yananipita, na kwa jinsi lori linavyolala kwenye kona najua maji yamewekwa pabaya.

Lakini kuna siku ile, stendi, tulipokuwa tunangoja basi lake la kusini. Hakuwa amenisemesha tangu tutoke langoni. Tulikaa kwenye benchi moja, begi lake katikati yetu.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza," nikasema. Jibu hilo nilikuwa nimelitunza tangu Machi.

Aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Nilikuuliza," alisema. "Ulikuwa umeshika kifuniko."

Basi likaja. Nilinyanyua begi lake kumpandishia, na mkono wangu ukajua kabla sijafikiri. Uzito wote uko chini, vyepesi juu, na juu kabisa, penye zipu, sweta na chakula cha njiani. Alilipakia kinyumenyume. Nikamkabidhi, akalipokea kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri, akaingia ndani.